Msaada wa Kisheria kwa Wanyonge na Wajibu wa Kada

UTANGULIZI

Chama cha wakulima na wafanyakazi hakipimwi kwa maazimio yake peke yake. Kinapimwa pia kwa yale yanayompata mkulima siku anaponyang'anywa shamba, na mfanyakazi siku anapofukuzwa kazi bila kusikilizwa. Siku hiyo mtu haulizi itikadi inasema nini. Anauliza aende wapi, aseme nini, na nauli ya kumfikisha huko ataipata kwa nani. Akikosa jibu, usawa uliotamkwa katika Katiba unabaki kuwa maandishi.

Katika makala haya tunaeleza maana ya msaada wa kisheria bila malipo kwa watu wenye kipato kidogo, historia yake katika nchi yetu, vyombo vilivyopo, na njia ambazo mwananchi anaweza kuzipita mwenyewe bila wakili. Lakini shabaha yetu kubwa ni moja. Tunataka kuonyesha kwamba mnyonge mara nyingi hashindwi kwa sababu hana haki, bali kwa sababu siku zake zimekwisha. Na kwamba sehemu ya siku hizo huliwa katika ofisi zetu wenyewe. Kada asiyelijua hili, hata kama ana moyo mwema, anaweza kumsaidia mnyang'anyi bila kukusudia.

I. USAWA MBELE YA SHERIA NA UWEZO WA KUITUMIA SHERIA

Ibara ya 13 ya Katiba ya mwaka 1977 inasema kwamba watu wote ni sawa mbele ya sheria, na inampa kila mtu haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu na haki ya kukata rufani. Ibara ya 107A, iliyoongezwa mwaka 2000, inaziagiza mahakama zitende haki kwa wote bila kujali hali ya mtu kijamii au kiuchumi, zisicheleweshe haki bila sababu ya msingi, na zisifungwe kupita kiasi na masharti ya kiufundi yanayoweza kukwamisha haki.

Hayo ni maneno mazito, na kila kada hapana budi ayajue. Hata hivyo, usawa mbele ya sheria ni jambo moja, na uwezo wa kuitumia sheria ni jambo jingine. Tuchukue watu wawili wanaogombea shamba moja. Wa kwanza ni mfanyabiashara wa mjini. Ana wakili, ana gari, na siku ya shauri ikiahirishwa biashara yake inaendelea. Wa pili ni mjane wa kijijini. Kila siku ya shauri anaacha palizi, anakopa nauli, anasafiri na mashahidi ambao nao lazima wale. Shauri likiahirishwa mara tano, mfanyabiashara amepoteza muda kidogo. Mjane amepoteza msimu. Hakimu anaweza kuwa mwadilifu kabisa, na bado mjane akashindwa kwa sababu alichoka njiani.

Kwa hiyo umaskini katika mambo ya sheria una sura nne: kukosa fedha, kukosa maarifa, kuwa mbali na chombo cha haki, na kukosa muda. Msaada wa kisheria unaotibu sura moja tu haujamkomboa mtu.

II. CHIMBUKO LA TATIZO

Hali hii haikuanza jana. Serikali ya kikoloni ilijenga mahakama za namna mbili. Wazungu na watu wenye mali walikuwa na mahakama za mahakimu na Mahakama Kuu, zilizotumia Kiingereza na mawakili. Wenyeji walikuwa na mahakama zao chini ya machifu na maliwali, ambako mkusanya kodi na mwamuzi wa kesi mara nyingi walikuwa mtu yule yule. Chama cha Mawakili wa Tanganyika kiliundwa kwa sheria mwaka 1954, mwaka ule ule TANU ilipozaliwa, lakini mwananchi wa kawaida hakuwa na uhusiano wowote na mawakili hao.

Baada ya Uhuru kazi ya kwanza ilikuwa kuondoa ubaguzi huo. Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1963 iliweka mfumo mmoja wa mahakama kwa watu wote, ukianzia mahakama ya mwanzo, inayotumia Kiswahili na yenye wazee wa baraza. Kabla ya hapo, Oktoba 1961, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa kimeanza katika jengo la TANU pale Mtaa wa Lumumba, na fakulti ya kwanza kabisa ilikuwa ya Sheria. Maana yake ni wazi: taifa changa lilitambua kwamba haliwezi kujitawala ikiwa wanasheria wake wote ni wa kukodi.

Lakini kuunganisha mahakama hakukuunganisha vipato. Mawakili wengi walifungua ofisi mijini, karibu na wenye fedha, na ndivyo ilivyo hadi leo. Lugha nayo ilibaki kuwa ukuta. Mahakama ya mwanzo ilizungumza Kiswahili, lakini kumbukumbu na hukumu za mahakama za juu ziliandikwa kwa Kiingereza, na sheria zenyewe kadhalika. Ilikuwa hadi mwaka 2021 ndipo sheria ilipobadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Uamuzi huo ni hatua ya ukombozi, lakini sheria zilizokwisha kuandikwa kwa Kiingereza ni nyingi, na kutafsiri ni kazi ya miaka.

III. MSAADA WA KISHERIA ULIVYOANZA NA ULIVYOKUA

Mwaka 1967, mwaka wa Azimio la Arusha, walimu wa Fakulti ya Sheria ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliunda Kamati ya Msaada wa Kisheria. Kamati ilitoa ushauri bure kwa watu wasio na uwezo, na wanafunzi walijifunza kwamba sheria haisomwi vitabuni tu. Mwaka 1969 Bunge lilipitisha sheria ya msaada wa kisheria katika mashauri ya jinai. Kwa sheria hiyo mshitakiwa asiye na uwezo, hasa katika makosa makubwa kama mauaji, aliweza kupewa wakili aliyelipwa na Serikali. Lakini mkulima aliyenyang'anywa shamba hakuhusika nayo, kwani shauri lake ni la madai.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 wanawake walichukua hatua. SUWATA, shirika la uchumi lililokuwa chini ya UWT, lilianzisha huduma ya msaada wa kisheria kwa wanawake, na kutokana na kazi hiyo kikazaliwa Kituo cha Msaada wa Kisheria kwa Wanawake. Chama cha Wanasheria Wanawake, TAWLA, kiliundwa katika kipindi hicho hicho. Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar kilianzishwa mwaka 1992, na mmoja wa waasisi wake alikuwa Profesa Haroub Othman. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kikafuata mwaka 1995.

Kwa miaka mingi vyombo hivi vilifanya kazi bila sheria moja ya kuviongoza, na wasaidizi wa kisheria wa vijijini hawakutambuliwa rasmi. Polisi au afisa aliweza kumfukuza msaidizi akimwuliza, "Wewe ni nani?" Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 ililijibu swali hilo. Ilichukua nafasi ya ile ya 1969, ikahusisha mashauri ya madai pamoja na ya jinai, ikaweka Msajili chini ya wizara inayohusika na mambo ya sheria, na ikaweka utaratibu wa kuwasajili watoa huduma na wasaidizi wa kisheria. Zanzibar ilipata sheria yake mwaka 2018. Mwaka 2023 ilizinduliwa Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia, ambayo huwapeleka wanasheria kwa wananchi katika kata na vijiji.

Mambo mawili katika sheria ya 2017 yanastahili kusisitizwa. La kwanza ni maana ya mtu asiye na uwezo. Sheria haimtaki mtu awe ombaomba. Inamtazama yule ambaye kipato chake hakitoshi kumlipa wakili. Kwa kipimo hicho wakulima wadogo wengi, mama lishe, mabaharia wa majahazi na vibarua wa viwandani wamo. La pili ni kwamba magereza na vituo vya polisi vina wajibu wa kuwawezesha walio kizuizini wapate msaada huo. Kwa hiyo msaidizi aliyesajiliwa anapobisha mlango wa kituo haombi fadhila.

IV. MSAIDIZI WA KISHERIA NI NANI

Msaidizi wa kisheria ni mtu aliyepata mafunzo yaliyoidhinishwa na kusajiliwa, ambaye kwa kawaida anaishi pale pale anapofanyia kazi. Anaweza kuwa mwalimu mstaafu, mkulima au fundi cherehani. Kazi yake ni kutoa elimu ya sheria, kumweleza mtu njia ya kufuata, kumsaidia kuandaa nyaraka, kusuluhisha migogoro inayosuluhishika, na kumpeleka kwa wakili pale jambo linapokuwa kubwa kuliko uwezo wake. Si wakili, na hasimami mahakamani kama wakili.

Tumtofautishe na kishoka. Kishoka ni yule anayekaa karibu na mahakama na mkoba wa karatasi, akijiita wakili au akidai anafahamiana na hakimu. Anachukua fedha za mjane, anaandika barua isiyo na maana, kisha haonekani tena. Rushwa na ujinga ndiyo mashamba yake. Kada anayewajua wasaidizi waliosajiliwa katika kata yake amekwisha kumpunguzia kishoka nusu ya soko.

V. KUJITEGEMEA KATIKA HAKI: NJIA NA SIKU

Msaada wa kisheria ulio bora ni ule unaomwacha mtu akiwa na uwezo zaidi ya aliokuwa nao. Madai mengi ya watu wa kawaida yanaweza kuanzishwa na mwenye madai mwenyewe, ilimradi ajue mlango upi ni wa kwanza na siku ni ngapi. Tunaeleza hapa mambo matano yanayofika mara nyingi katika ofisi za matawi na kata. Maelezo haya ni ya Tanzania Bara. Zanzibar ina mahakama na taratibu zake.

(a) Ardhi. Mgogoro wa ardhi ya kijiji unaweza kuanzia Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye wajumbe saba, na watatu kati yao lazima wawe wanawake. Baraza hili linasuluhisha. Haliamui nani mshindi. Baraza la kata lilikuwa na uwezo wa kuamua mashauri ya ardhi yenye thamani isiyozidi shilingi milioni tatu, lakini mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 yaliliondolea uwezo huo. Sasa nalo linasuluhisha tu. Usuluhishi ukishindikana linatoa hati ya kuthibitisha hivyo, na mwenye madai anakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Na siku 30 zikipita bila usuluhishi kukamilika, mwenye madai anaweza kwenda wilayani hata bila hati hiyo. Haya ni muhimu mno, kwa sababu wapo wananchi wanaoendelea kuamini kwamba uamuzi wa kata umemaliza shauri. Rufani kutoka wilayani kwenda Mahakama Kuu ina siku 45. Na madai ya kurudishiwa ardhi kwa ujumla yana ukomo wa miaka 12. Anayesema "nitadai siku moja" ajue kwamba siku hiyo ina mwisho.

(b) Kazi. Mfanyakazi aliyeachishwa kazi isivyo halali anapeleka mgogoro wake kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, kwa kujaza fomu, ndani ya siku 30 tangu kuachishwa. Migogoro mingine ya kazi ina siku 60. Katika usuluhishi anaweza kuwakilishwa na chama cha wafanyakazi, na wakili, au na mtu aliyemchagua mwenyewe. Asiyeridhika na uamuzi wa mwisho wa Tume ana majuma sita kwenda Mahakama Kuu.

(c) Mirathi. Ukoo unakaa kikao, unapendekeza msimamizi, muhtasari unapelekwa mahakamani. Mahakama ya mwanzo inashughulikia mirathi inayofuata sheria za mila au za Kiislamu. Msimamizi si mrithi wa vyote. Ni mtumishi wa warithi, na katika mahakama ya mwanzo anatakiwa ndani ya miezi minne kuwasilisha orodha ya mali na hesabu. Mjane au yatima anayeona msimamizi anauza mali kimya kimya ana haki ya kurudi katika mahakama ile ile na kulalamika.

(d) Ndoa. Kabla ya kuomba talaka mahakamani, kwa kawaida lazima shauri lipitie baraza la usuluhishi wa ndoa, ambalo likishindwa hutoa hati. Mali iliyochumwa kwa juhudi za pamoja hugawanywa. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika hukumu iliyoandikwa na Jaji Mkuu Francis Nyalali, ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika uchumaji wa mali ya familia. Mama aliyepika, aliyefua na kulea kwa miaka 20 asiambiwe na mjumbe yeyote kwamba "hukuleta kitu".

(e) Jinai. Mtu aliyekamatwa bila hati kwa kosa lisilo na adhabu ya kifo anatakiwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24 ikiwa hakupewa dhamana. Dhamana hailipiwi kitu. Rufani ya jinai kutoka mahakama ya mwanzo kwenda mahakama ya wilaya ina siku 30. Aliyehukumiwa na mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi anatoa taarifa ya kusudio la kukata rufani ndani ya siku 10, na hati ya rufani ndani ya siku 45. Aliye gerezani anaweza kuzipitisha kwa mkuu wa gereza.

Tuongeze jambo moja kuhusu ada. Asiye na uwezo wa kulipa ada za mahakama anaweza kuomba asamehewe. Wengi hawaombi kwa sababu hakuna aliyewaambia.

Mbali ya mahakama, ipo Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, iliyoanza kazi mwaka 2001 na kurithi Tume ya Kudumu ya Uchunguzi iliyoundwa mwaka 1966. Mwananchi aliyeonewa na afisa wa umma anaweza kupeleka malalamiko huko. Kila mwaka pia, katika Wiki ya Sheria, Mahakama hutoa elimu na ushauri bure kwa wananchi kabla ya Siku ya Sheria.

VI. SIKU ZINAPOLIWA

Sasa tufike kwenye kiini. Tuchukue mfano wa mfanyakazi wa mashine ya kukoboa mpunga aliyefukuzwa tarehe mosi ya mwezi. Hajui CMA. Anachokijua ni Chama. Anakwenda kwa balozi wa shina, naye anampeleka tawini. Katibu wa tawi anasema suala ni zito, lisubiri kikao. Kikao kinakaa baada ya majuma mawili, kinaandika barua kwenda kata. Kata inamwita mwajiri, mwajiri anaomba muda. Kila mmoja katika mlolongo huo amemwonea huruma mfanyakazi, hakuna aliyedai rushwa, na wote wamempa maneno ya faraja. Siku ya arobaini mtu mmoja anamwambia, "Nenda CMA." Anafika na kuambiwa amechelewa. Sasa lazima aombe kuongezewa muda na aeleze sababu za kuchelewa, jambo ambalo ni gumu zaidi kuliko dai lenyewe, na ambalo safari hii anahitaji mwanasheria.

Nani amemshinda mfanyakazi huyo? Si mwajiri peke yake. Mwajiri alijua siku zinakwenda, akaomba muda kwa adabu. Ofisi zetu zikampa.

Hapa kuna fundisho la itikadi. Urasimu hauhitaji mtu mbaya ili uwadhuru wanyonge. Unahitaji tu kiongozi asiyejua mipaka ya madaraka yake. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulikemea majivuno, dharau na uonevu wa viongozi. Tunaweza kusema kwamba kukaa na jambo usilokuwa na uwezo wa kuliamua, huku mwenye jambo akiamini linaamuliwa, ni namna ya uonevu, hata kama unafanywa kwa tabasamu.

Wapo watakaouliza: je, mwananchi asije tena kwa Chama? Hapana, aje. Kuja kwake ni dalili ya imani, na imani hiyo ni mali kubwa kuliko majengo yetu yote. Lakini aje apate njia, asije apate foleni nyingine. Usuluhishi nao si jambo baya. Mila zetu na Katiba yenyewe vinauthamini. Jirani kwa jirani wakipatana juu ya mpaka, kijiji kimepona. Ubaya ni usuluhishi unaofanywa huku saa ya sheria ikihesabu na mnyonge hajaambiwa. Kada mwenye busara humwambia, "Tutazungumza na mwenzako, lakini wewe kwanza peleka fomu yako."

VII. MSAADA USIZAE UTEGEMEZI

Tatizo la pili ni la upande wa watoa msaada. Vituo vingi vimetegemea fedha za wafadhili wa nje. Mradi ukiisha, ofisi hufungwa, na mwananchi aliyezoea kuhudumiwa anabaki kama alivyokuwa. Kampeni nayo hufika, huhudumia, na huondoka. Hatusemi kwamba kazi hiyo ni bure. Maelfu ya watu wamepata haki kwa njia hiyo. Tunasema kwamba gari la kampeni likiondoka, lazima kitu kibaki kijijini. Kitu hicho ni maarifa na watu waliopangwa.

Elimu ya Kujitegemea ilitufundisha kwamba elimu isiyomwezesha mtu kuikabili hali yake ni pambo. Ndivyo ilivyo kwa elimu ya sheria. Kijiji chenye nakala ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 kabatini, bila watu wanaojua kwamba sheria hiyo inabatilisha mila inayomnyima mwanamke ardhi, ni sawa na kijiji chenye dawa zahanati bila mganga. Mwaka 1990 Mahakama Kuu mjini Mwanza, chini ya Jaji James Mwalusanya, iliamua kwamba mwanamke wa Kihaya aliyerithi shamba la ukoo ana haki ya kuliuza sawa na mwanamume. Imepita miongo mitatu na zaidi, na bado wapo wazee wa mabaraza wanaosuluhisha kana kwamba uamuzi huo haukutolewa.

Tukumbuke pia kwamba mambo yanabadilika. Kwa miaka mingi mawakili hawakuruhusiwa katika mahakama ya mwanzo, ili wenye fedha na wasio na fedha wasimame sawa. Mabadiliko ya mwaka 2021 yalifungua mlango kwa mawakili pale mahakama hiyo inapoongozwa na hakimu mkazi. Kwa hiyo mnyonge anaweza sasa kumkuta wakili wa mpinzani wake hata katika mlango wa kwanza kabisa. Hii inaongeza ulazima wa msaada wa kisheria na wa elimu.

VIII. WAJIBU WA KADA

Kutokana na hayo, kada ana mambo ya kufanya na ya kutofanya. Yapo manne ya kufanya:

1. Ajue njia na siku. Ofisi ya tawi iwe na karatasi ukutani, kwa Kiswahili chepesi, yenye mambo matano tuliyoyaeleza, pamoja na majina ya wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa katika kata. Sheria ikibadilika, karatasi ibadilishwe.

2. Swali lake la kwanza kwa mwenye shida liwe: "Jambo hili lilitokea tarehe ngapi?" Mengine yafuate baadaye.

3. Amwelekeze mtu siku hiyo hiyo, na amwandikie mahali anapokwenda. Asiyejua kusoma apate mtu wa kumsindikiza. Vijana wa Chama wanaweza kufanya kazi hiyo.

4. Aandae madarasa ya sheria katika shina, hasa kwa wanawake na vijana, akimwalika msaidizi wa kisheria, hakimu au mwanasheria wa halmashauri.

Na yapo matatu ya kutofanya:

1. Asijifanye hakimu. Mahakama ziko huru kwa mujibu wa Katiba. Kiongozi anayempigia hakimu simu "kumsaidia" mnyonge leo ndiye atakayempigia kesho kumsaidia tajiri, na mnyonge hatajua.

2. Asigonge muhuri juu ya jambo asilolishuhudia. Hati ya mauzo ya shamba iliyogongwa muhuri na kiongozi bila kumwuliza mke wa muuzaji imewafukuza watoto wengi katika ardhi yao.

3. Asikae na shauri ambalo yeye au ndugu yake ana maslahi ndani yake. Ni ukweli mchungu kwamba katika baadhi ya migogoro ya ardhi mnyang'anyi ana kadi ya Chama na kiti cha mbele kwenye vikao. Cheo ni dhamana. Anayekitumia kuzuia njia ya haki amekwisha kuivunja ahadi yake, na Chama kina wajibu wa kumchukulia hatua bila kumwogopa.

HITIMISHO

Msaada wa kisheria si sadaka ya wenye huruma kwa wenye dhiki. Ni sehemu ya kazi ya kuondoa unyonge, kama vile shule na zahanati. Sheria ya 2017 imejenga vyombo. Wapo wanasheria wenye moyo na wasaidizi wanaotembea kwa miguu kutoka kitongoji hadi kitongoji. Lakini kati ya chombo na mwananchi upo umbali, na mtu wa kwanza anayesimama katika umbali huo mara nyingi ni kada wa shina au tawi. Anaweza kuwa daraja au kizuizi. Ikiwa mjane atatoka ofisini kwetu akijua mlango, siku na haki yake, hata tusipotoa hotuba yoyote siku hiyo, kazi ya Chama imefanyika.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Eleza tofauti kati ya usawa mbele ya sheria na uwezo wa kuitumia sheria. Toa mifano kutoka kata yako.

2. Chukueni malalamiko matatu yaliyofika katika tawi lenu mwaka huu. Kila moja lilikaa siku ngapi kabla ya kufikishwa kwenye chombo chenye uwezo wa kuliamua?

3. Je, usuluhishi unaweza kumdhuru mnyonge? Katika hali gani?

4. Kada afanye nini anapogundua kwamba mdaiwa katika mgogoro wa ardhi ni kiongozi mwenzake?